Kordi ya A kwenye gitaa: nilivyovipanga vidole vyangu

Vidole vyangu ni vinene, na gitaa ninalopigia kwaya ni la nyuzi za chuma. Pale shingo inapoanzia, upana wake ni kama milimita 43. Gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni hufika milimita 52, na kwa mtu wa vidole kama vyangu nafasi hiyo ni kubwa. Kordi ya A (kordi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inataka nyuzi tatu, wa 4, wa 3 na wa 2, ukihesabu kutoka uzi mwembamba kabisa, zibanwe zote kwenye freti ya 2, yaani nafasi ya pili kati ya vichuma vya shingoni. Uzi wa 5 na wa 1 unaachwa wazi, yaani unapigwa bila kubanwa, wa 6 haupigwi.

Mpangilio unaofundishwa sana ni kidole cha shahada uzi wa 4, kidole cha kati uzi wa 3, cha pete uzi wa 2. Kwangu shahada ilisukumwa nyuma, mbali na kichuma cha freti, na uzi wa 4 ukawa unakoroma. Uzi ukibanwa karibu na kichuma hutoa sauti safi bila nguvu nyingi. Ukibanwa mbali, utakamua mpaka kiganja kiume.

Nikabadilisha: kidole cha kati uzi wa 4, shahada uzi wa 3, cha pete uzi wa 2. Shahada inajibana nyuma kidogo katikati ya wenzake, nao wanapata nafasi ya kusogea mbele. Mkoromo ukaisha.

Ila faida kubwa niliiona kwenye kuhama kordi. Pambio nyingi tunazoimba katika ufunguo wa A zinazunguka kordi za A, D na E. Kutoka A kwenda D, shahada haiondoki kabisa, kwa sababu D nayo inaitaka uzi wa 3 freti ya 2. Cha pete kinateleza freti moja mbele kwenye uzi uleule wa 2, na cha kati pekee ndicho kinachoruka hadi uzi wa 1. Kwenda E, shahada inateleza nyuma hadi freti ya 1 bila kuuacha uzi wa 3. Tangu hapo siangalii tena shingo ya gitaa, namwangalia mwalimu wa kwaya. Na nikiinua shahada peke yake, tayari ni A7, kordi ya A iliyoongezewa noti ya G.

Kuna njia ya kuiacha shahada huru, ukatumia cha kati, cha pete na cha mwisho. Hiyo naitumia ninapotaka kupanda hadi kordi ya B: vidole vitatu vinasogea hadi freti ya 4 kwa umbo lilelile, shahada inalala freti ya 2.

Pambio ikiwa ya kasi sana, nalaza shahada moja juu ya nyuzi zote tatu. Uzi wa 1 unazimika, nami siupigi. Noti ya C# (C sharp) ya uzi wa 2 inabaki ndiyo ya juu kabisa, na waimbaji wanaisikia vizuri.