Walker, Fuller na Tucker: Majina Matatu ya Kazi Moja

Anayekutana na jina la ukoo la Walker hudhani, kwa jinsi Kiingereza cha leo kilivyo, kwamba babu wa ukoo huo alikuwa mtembezi. Dhana hiyo si potofu kabisa, kwa kuwa babu huyo alitumia miguu kutwa nzima, ila hakuwa akienda popote: alikuwa ndani ya hori, akikanyaga nguo.

Katika Uingereza ya Zama za Kati, kitambaa cha sufu kilipotoka kwa mfumaji kilikuwa bado kimelegea na kimejaa mafuta ya kondoo. Kwa hiyo kilitiwa horini pamoja na maji na mkojo uliochacha, ambao amonia yake huondoa mafuta, au pamoja na udongo wa aina maalumu unaoyafyonza, kisha mtu akaingia humo miguu mitupu na kukikanyaga kwa saa nyingi, mpaka nyuzi zikashikana na kitambaa kikarudi, kikawa kizito. Baada ya kusuuzwa, kiliwambwa nje kwenye fremu ndefu za mbao zenye kulabu, ili kikauke bila kujikunja. Kazi hiyo ilinuka vibaya, na sishangai kwamba majirani walimtambulisha mtu kwayo.

Kaskazini na sehemu kubwa ya katikati ya nchi, mkanyaga nguo aliitwa Walker. Kusini-mashariki aliitwa Fuller, jina lenye asili ya Kilatini. Na kusini-magharibi, hasa Devon na Somerset, aliitwa Tucker. Mgawanyo huo ulidumu mno, kwani hata sensa ya mwaka 1881 inaonyesha akina Tucker wakiwa wamejaa zaidi Devon. Mjini Exeter, jengo la chama cha wafumaji na wakanyaga nguo, lililojengwa mwaka 1471, lingali limesimama na lingali likiitwa Tuckers Hall.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba majina haya yaliganda wakati kazi yenyewe ilikuwa tayari inaihama miguu. Orodha ya mali za watawa wapiganaji wa Templar ya mwaka 1185 inataja kinu cha kukanyagia nguo huko Newsam, Yorkshire, ambamo nyundo za mbao ziliendeshwa kwa nguvu za maji. Majina ya ukoo ya kurithiwa yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza: mabwana wa Kinormani, walioivamia Uingereza kutoka kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1066, walitangulia kuyatumia, na watu wa kawaida wakafuata polepole, hata kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Kiingereza zikawa nayo. Bila shaka hati za mashamba na kodi ya kichwa ya miaka ya 1377, 1379 na 1381 zilichangia, maana karani alihitaji kumtofautisha John mmoja na mwingine. Hivyo, wengi walioandikwa Walker walikuwa wasimamizi wa vinu, au wana wa wakanyaga nguo waliokwisha kushika kazi nyingine.

Ndiyo maana siwaamini wauzaji wa nembo za ukoo wanaodai kwamba akina Walker wote wana ngao moja. Kwa sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake, haipewi jina. Tena jina la kazi iliyofanywa katika kila mji wa sufu lilizaliwa mara nyingi, kwa familia zisizohusiana. Anayetafuta asili yake atafaidika zaidi na rejista za parokia, zilizoanza kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, mwaka 1538.

Hata hivyo, si kila Walker ana asili ya Kiingereza. Katika Nyanda za Juu za Uskoti, baadhi ya familia zilizoitwa kwa Kigaeli Mac an Fhucadair, yaani mwana wa mkanyaga nguo, zilichukua jina la Walker zilipoanza kuandikwa kwa Kiingereza.