Muguu wa papa, saa kumi ya alfajiri

Wale muko na muzazi wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaokaza na kutetemesha mwili, mutanielewa. Kwetu huku Bukavu, Muhungu, kila alfajiri saa kumi hivi nilikua nasikia papa anapiga ukuta na ngumi, mara tatu, hiyo njo ilikua alama yetu juu sauti yake imekua ndogo sana, hata akiita mutu hasikii. Nakimbia na torchi nakuta muguu wa kushoto umegeukia ndani, kidole gumba kimesimama peke yake kama antena, vile vingine vine vimejikunja vinashika shuka, na shavu la muguu ni mbao kabisa. Papa hajue kulia mbele ya watoto, anauma blanketi tu.

Tulijaribu yote jamani. Ndizi, eti potasiumu. Manyeziumu ya farmasi moja walituuzia bei ya kutisha. Mawese ya moto na tangawizi, nyumba yote inanuka. Jirani akasema hiyo ni karuho, sumu ya kulogwa, tumutafutie mutu wa kuitoa, mama akamujibu: "Karuho gani hiyo inajua saa?"

Hilo neno likanibakia kichwani. Kweli, mbona inajua saa? Nikatoa daftari la mutoto nikaanza kuandika, kidonge cha Parkinson saa ngapi, amekula nini, muguu umekaza saa ngapi, umelegea saa ngapi. Wiki mbili. Kumbe kidonge cha mwisho anameza saa mbili ya usiku, muguu unakaza saa kumi, anameza cha asubuhi saa kumi na mbili, dakika 40 hivi unalegea pole pole. Kila siku! Na siku tumekula maharagi ao sambaza (samaki ndogo) muchana, kidonge cha saa saba ni kama ametupa mu muto Ruzizi.

Dokta alisoma lile daftari mpaka mwisho (wa kwanza kusoma kitu chetu mpaka mwisho, niseme ukweli). Akasema hii si krampi ya kawaida, ni distonia, inakuja dawa ikiisha mwilini. Levodopa, njo dawa ya kile kidonge cha papa, ubongo unaigeuza dopamini, ile inaongoza misuli, lakini mu damu haikae, saa moja na nusu tu nusu yake imeshaenda, sasa usiku muzima bila kidonge misuli inabaki inavutana yenyewe kwa yenyewe. Ndizi haina kesi hapo. Na maharagi, nyama, samaki, proteini yake inagombania njia moja na dawa.

Akamupatia ingine ya kulala nayo, ile wanaandika LP, inatoka pole pole, akatukataza kuivunja ao kuisaga. Na kidonge kimoja cha kawaida kinalala kando ya kitanda na chupa ya maji, papa akiamka anameza mbele ya kushusha muguu. Muchana anameza nusu saa mbele ya chakula. Hiyo ni mipango ya papa, wako uliza dokta wake, na musikatishe hizi dawa mara moja, ni hatari. Sisi LP ikikosa huku tunavuka kuitafuta Kamembe, ngambo ya Rwanda.

Muguu ukikaza, tunangoja kidonge kishike na chupa ya maji ya moto ya termosi, nimeifunga mu kitenge, chini ya shavu la muguu, halafu namusimamisha wayo wote ukanyage simenti, inamusaidia. Kuvuta kidole kwa nguvu hapana, nilivuta siku moja nikapata konzi ya kichwa, mimi mama wa watoto watatu.

Wiki ya kwanza ya LP, distonia ilikuja mara mbili. Halafu usiku moja nikaamka mimi mwenyewe saa kumi, mazoea, nasikiliza ukuta, kimya. Nikaingia na torchi, roho mukononi, kuangalia kama anapumua.

"Mama, unatafuta nini humu?"

"Hapana papa, nilikuja tu kukuangalia."

"Basi zima hiyo torchi, nilale."