Wiki ya 34

Nilipofikisha wiki ya 34 ya ujauzito wangu wa kwanza, nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba ningejifungua kwa upasuaji, na sababu yake aliijua mume wangu peke yake. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa nikiishi na mpasuko sugu kwenye njia ya haja kubwa, kidonda chembamba ambacho kila nilipopata choo kigumu kilifunguka upya, kikatoa damu mbichi, kisha kikaniachia maumivu ya kuwaka yaliyoweza kudumu saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki vilizidi kunifunga choo, hata nikawa naogopa kula. Neno "sukuma" lilinitetemesha.

Siku hiyo mkunga aliniuliza kwa nini nilitaka upasuaji. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini, macho yangu yakiwa sakafuni. Hakuniharakisha. Alichukua karatasi akachora duara mbili, moja ndani ya nyingine: ya ndani ni msuli unaojibana wenyewe bila kuamriwa, ya nje ni ule tunaoubana kwa hiari. Akatia nukta upande wa mgongoni, ambako mipasuko mingi hutokea, akaeleza kwamba maumivu huufanya msuli wa ndani ukaze, na ukikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda, basi hakiponi. Kwa muda wote ule nilikuwa nikiambiwa kwamba ni bawasiri, na hakuna aliyewahi kunichorea chochote.

"Mama, upasuaji utakuepusha na kumsukuma mtoto, lakini hautakuepusha na choo cha kwanza," alisema. Dawa kali za maumivu zinazotolewa baada ya upasuaji nazo hufunga choo, na kovu kwenye mji wa mimba huongeza hatari katika mimba zinazofuata. Hakunificha upande wa pili: katika njia ya kawaida msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unaweza kuchanika hadi kwenye misuli ile aliyoichora, na mwanamke akashindwa kuzuia hewa au choo. Nilimwamini zaidi kwa kunitajia hilo. Daktari naye alisema kwamba mpasuko peke yake haunilazimishi kufanyiwa upasuaji, ila kama ningekuwa nimewahi kuumia vibaya misuli hiyo, au kufanyiwa operesheni ya kuikata, ushauri wake ungeweza kuwa tofauti. Uamuzi akaniachia mimi.

Nilichagua njia ya kawaida, na mkunga akaandika kwenye kadi yangu tuliyokubaliana: dawa ya kulainisha choo kuanzia siku hiyo, kitambaa cha maji ya moto kiasi kwenye msamba wakati wa kusukuma, kulala ubavu nikiweza, na kupumua taratibu kichwa kinapotokeza badala ya kusukuma kwa nguvu zote.

Binti yangu alizaliwa katika wiki ya 39. Nilichanika kidogo, nikashonwa nyuzi chache, na misuli ikabaki salama. Siku ya tatu niliingia chooni huku mume wangu amesimama nje ya mlango na mtoto kifuani, na beseni la maji ya uvuguvugu likinisubiri kando. Choo kilitoka laini. Kiliuma, tone moja la damu likaonekana, nikajikalisha kwenye beseni, na maumivu yakaisha kabla maji hayajapoa.