Datsun 240Z uani kwangu Nakuru: miaka mitatu ya kuifufua

Pasaka ya 1973 nilikuwa na miaka minane. Baba alituamsha usiku, mimi na kaka yangu, tukapanda hadi barabara ya vumbi juu ya shamba letu, tukajibanza kando ya ua wa mkonge kusubiri magari ya mashindano ya Safari Rally. Sauti ilitufikia kabla ya taa: mngurumo mmoja mrefu, laini, usiokatika, tofauti kabisa na magari yaliyokuwa yametangulia. Likapita gari jekundu lenye boneti nyeusi, likamezwa na vumbi lake. Baba akasema, "Hiyo ni Zedi."

Mwaka huo dereva Shekhar Mehta na msaidizi wake Lofty Drews walishinda Safari kwa 240Z, ndiyo hiyo Zedi. Mehta alilingana kabisa pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun nyingine, 180B, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuwa ndiye aliyesafiri mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Miaka miwili kabla ya hapo, Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa gari la aina hiyohiyo, naye Mehta akawa wa pili. Ukiwa mtoto wa Kenya wa miaka ile, hilo ndilo gari la michezo ulilolijua. Mengine tuliyaona kwenye picha. Hili tulilila vumbi lake.

Nilipostaafu ualimu nikaanza kulitafuta. Nililipata Mombasa, la mwaka 1972, limeegeshwa chini ya mwembe karibu na mkono wa bahari, magurudumu yamezama kwenye mchanga. Kwa juu lilionekana zima. Nilipochokoa sakafu kwa bisibisi, bisibisi ikapita hadi kwenye mpini. Nililinunua hata hivyo, likapandishwa lori, likaja Nakuru. Mke wangu alilitazama kwa muda, akaniuliza jambo moja tu: litakaa uani au kwenye gereji? Tulikuwa hatuna gereji. Nikajenga banda la mabati.

Kosa ambalo nilikuwa karibu kulifanya ni kuanza na injini. Kila mtu huanza na injini, kwa sababu injini ikiunguruma moyo unatulia. Kuna fundi mzee mtaani kwetu aliyezeekea kwenye Datsun. Nilimwita aje aikague injini, lakini hakuigusa. Alilala chini ya gari na tochi karibu nusu saa, akatoka na vumbi la kutu kwenye nyusi. "Mwalimu," akaniambia, "ukiwasha hii leo, kesho utaipaka rangi, na keshokutwa itakatikia barabarani. Anza huku chini."

Nikaanza huku chini. Kwenye 240Z kutu ina mahali pake inapopapenda. Pale betri inapokaa, maana asidi hudondoka miaka na miaka ikala bati, ikashuka hadi kwenye mhimili wa chesisi ulio chini yake. Sakafu pande zote mbili. Kisahani cha gurudumu la akiba. Kona ya chini nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma, ambapo matope hukaa ndani bila njia ya kutoka. Langu lilikuwa limeliwa kote huko, na upande wa betri mhimili ulikuwa umebaki kama ganda la yai.

Kuchomelea nilijifundisha kwenye vipande vya bati chakavu kwa miezi miwili kabla ya kugusa gari. Hata hivyo sakafu ya kwanza niliiharibu. Nilikata bati jembamba, likakaa vizuri, nikafurahi, nikachoma mstari mmoja mrefu kutoka mbele hadi nyuma. Likapoa huku likijikunja mbele ya macho yangu. Nilipolikanyaga lilikuwa likibonyea na kurudi, paa, paa, kama mfuniko wa kopo. Fundi mzee alipoliona hakusema kitu. Alichukua chaki, akatia alama moja hapa, nyingine upande wa pili, nyingine katikati, akanionyesha namna ya kugusa nukta moja, kuacha ipoe hadi uweze kuweka kidole, kisha kuhamia mbali kabisa na hapo. Unaruka hivyo hadi nukta zikutane. Nilikata sakafu yangu yote nikaitupa, nikaanza upya. Ya pili ilinichukua siku kumi na moja, na haikubonyea.

Kazi iliyonitesa kuliko zote ni pini mbili ndefu za mikono ya chini, ile inayoshika magurudumu ya nyuma. Kila moja hupita katikati ya chuma cha kitovu cha gurudumu, na bushi za mpira mbele na nyuma, na kwa gari lililokaa pwani pini na chuma huwa vimeshakuwa kitu kimoja. Usipige nyundo. Nasema hivi kwa sababu nilipiga. Ncha ya pini iliumuka kama uyoga, ndiyo ikakwama zaidi. Nikatia mafuta ya kulegeza kila jioni kwa wiki mbili, nikapasha moto, nikapiga tena. Mwishowe nilikubali kuzitoa mhanga: nikapitisha msumeno wa chuma kati ya mkono na kitovu, nikakata pini pande zote, nikapeleka vitovu kwa watu wenye presi ya haidroli. Presi ilisukuma, kimya, kimya, halafu ikatoa mlio kama wa risasi na kila mtu akaruka. Pini mpya zinapatikana. Binti yangu aliziagiza Marekani kwa intaneti, pamoja na mipira yote ya milango na vioo. Magari haya yaliuzwa kwa wingi sana kule, na mpaka leo kuna watu wanaotengeneza vipuri vyake. Nilipozifunga mpya nilizipaka grisi kana kwamba nampaka mtoto mafuta.

Injini ilikuwa imekwama. Hii ni L24, silinda sita mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393. Nilitoa plagi, nikamimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, nikaiacha siku tisa. Siku ya kumi niliweka spana ya 27 kwenye bolti ya kranki, mhimili mkuu wa injini, nikavuta polepole. Nilisikia kitu kikisagika ndani kama chumvi chini ya kiatu, kisha kranki ikasogea upana wa kidole. Nilikaa chini pale pale kwenye saruji.

Ukiifungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini hii, kumbuka neno moja: kabari. Cheni ya taimingi, inayounganisha kranki na kamshafti, mhimili unaofungua vali, inakazwa na kifaa kidogo kilicho ndani ya kifuniko cha mbele. Ukitoa gia ya kamshafti bila kuibana cheni, kifaa hicho huchomoka, na hakuna njia ya kukirudisha isipokuwa kufungua mbele yote ya injini. Fundi mzee alinichongea kabari ya mbao, ndefu kama mkono wangu wa chini, nyembamba mwishoni, ikiwa imetobolewa na kufungwa kamba ili isije ikatumbukia. Tuliishusha katikati ya cheni ikabana. Kipande hicho cha mbao bado nimekitundika bandani.

Tangi la petroli niliosha kwa siki na kokoto. Breki zote mpya, bila kubahatisha. Nyaya nilizifuata moja moja, kazi ya kuchosha isiyo na hadithi.

Ila kabureta, zinazochanganya petroli na hewa, naweza kuzisimulia usiku kucha. Ziko mbili, kila moja inalisha silinda tatu, na zisipovuta hewa sawa injini hutetemeka kama mtu mwenye homa. Vipo vyombo vya kupimia. Mzee alitumia kipande cha mpira wa petroli: ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Unasikia mvumo, shhh. Unahamia ya pili, unasikia shhh ya juu kidogo. Unageuza skrubu chini ya robo mzunguko, unarudi. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, tukipokezana mpira. Na usisahau oili nyepesi kwenye kishimo cha juu cha kila kabureta. Yangu ilikuwa imekauka, na kila nilipokanyaga mafuta gari lilisita kana kwamba linafikiri kwanza. Nilipojaza, likaacha. Ilipofika saa sita mchana mvumo ulikuwa mmoja kulia na kushoto. Mzee akatoa mpira sikioni, akafumba macho, akaacha mkono wake juu ya kifuniko cha vali. Nami nikausikia, ule mngurumo mrefu usiokatika.

Rangi ilikuja mwisho kabisa, nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa.

Jumapili ya kwanza sikwenda barabara ya lami. Nililipeleka juu, kwenye barabara ile ile ya shamba, ua wa mkonge haupo tena, nikaendesha kilomita kumi na mbili kwenye mawe na vumbi, gia ya pili na ya tatu, madirisha wazi. Saa ya dashibodi haifanyi kazi mpaka leo. Niliporudi nyumbani sikulifuta vumbi. Nililiinua, nikaweka stendi nne, nikajilaza chini na tochi, nikapitisha kidole juu ya kila nukta niliyochomelea, upande wa betri mara mbili. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Mke wangu aliinama mlangoni mwa banda akauliza kama nimeona nilichokuwa nakitafuta. Nikamwambia ndiyo, na anipe dakika tano.