Nani atawazalisha?

Mimi ni mkunga hapa Kisumu, na habari za Afghanistan zimenikaa rohoni. Tangu 2021 Taliban wamewazuia wasichana kuendelea na masomo baada ya darasa la sita. Desemba 2022 wakawafungia vyuo vikuu. Desemba 2024 wakafika kwenye kazi yangu: wanawake wasisomee tena ukunga wala uuguzi. Na kuna sehemu za nchi hiyo ambako mwanamume haruhusiwi kumtibu mwanamke!

Sasa mama akivuja damu baada ya kujifungua, nani atamsugua tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukaze? Damu ile haingoji, jamani. Nimeishika kwa mikono hii.

Msiniambie ni utamaduni wao. Wanawake wa huko wamekuwa wakisomea ukunga miaka na miaka, na bado wanautaka.