Tairi linalika ndani tu

Leo hapa Ilala imeletwa Corolla ya 2002, mwenyewe anataka alaimenti tu, yaani kupanga magurudumu yakae sawa. Ukiitazama kwa nje, kashata (meno ya tairi) za mbele bado nzima.

Usukani ukakatwa hadi mwisho.

Ukingo wa ndani wa tairi la kushoto: kipara, waya zimechomoza zinang'aa.

Hapo alaimenti peke yake ni kutupa hela. Bushi za wishiboni, yaani raba za mkono wa chuma unaoshika gurudumu, zimepasuka, kila shimo gurudumu linahama kipimo.

Nyanyua kwa jeki, shika tairi kushoto na kulia, litikise. Likicheza, shuku tai rodi, chuma cha usukani kinachogeuza gurudumu. Shika juu na chini: likicheza, ni boli jointi (kiungo cha wishiboni na gurudumu) au beringi. Badilisha kwanza kilichokufa, ndipo upange alaimenti.

Likilika kingo zote mbili, upepo mdogo. Katikati, umezidi. Kipimo cha upepo kipo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva; pima asubuhi tairi likiwa la baridi, si ukitoka kwenye foleni ya Mandela.

Tairi lina mabonde mabonde? Tazama shokapu.

Na hilo lenye waya ni la kutupa, hata la spea halifai.

Nyie wa Mbagala na Gongo la Mboto, yenu yanalika wapi? Wekeni picha ya ukingo wa ndani hapa.