Nilijua Tangu Mwanzo

Kwa miaka nimekuwa nikijichapa kwa sentensi moja: nilijua tangu mwanzo. Nilijua uchumba ule haungefika popote, nikanyamaza. Nilijua hanisikilizi, nikajikausha. Machale yalinicheza, nikayapuuza, na matokeo yake ndiyo yale. Hivyo ndivyo nilivyojisimulia, na hivyo ndivyo nilivyowajibu wote walioniuliza kulikoni.

Ukiitazama vizuri, hadithi hiyo ina utamu wake. Ndani yake mimi si mjinga. Ni mtu mwenye macho aliyekosa ujasiri tu. Sumu yake nayo iko hapo hapo. Aliyejua na akakaa kimya hana wa kumlaumu ila nafsi yake, na nafsi yangu nimeilaumu mpaka ikachoka kusikiliza.

Mwezi uliopita nikajipa kazi ya kusoma madaftari yangu ya wakati ule. Naandika shajara tangu nikiwa shuleni, lakini sina tabia ya kurudi nyuma kusoma nilichoandika. Huwa naona haya. Safari hii nilikuwa na shabaha. Nilitaka kuliona lile onyo kwa macho yangu, nijue lilikuja siku gani na mimi nilikuwa na shughuli gani ya maana kiasi cha kutolisikiliza.

Siku za mwanzo nimeandika: “Nina amani. Nadhani huyu ndiye.” Kalamu ya buluu, mwandiko wangu uleule unaolalia kulia, na mwisho kuna alama ya mshangao niliyoikata kisha nikairudishia. Nikafunua mbele. Mipango. Vicheko. Malalamiko ya kazini. Mahali pamoja nimejaza kurasa nzima kueleza jinsi alivyonisubiri nje huku mvua ikinyesha. Onyo halipo. Nikarudi tena taratibu, kidole kikifuata mstari kwa mstari, nikidhani nimelipita. Halipo.

Nilikasirika, tena sana. Binadamu ni kiumbe wa ajabu: anapewa ushahidi kwamba hana hatia, ananuna.

Baadaye ndipo nilipokumbuka utafiti mmoja niliowahi kuusoma bila kuutilia maanani. Mwaka 1972, kabla Rais Richard Nixon wa Marekani hajakwenda China na Umoja wa Kisovieti, wanasaikolojia Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara zile. Ziara zilipokwisha, wakawauliza: mnakumbuka mlikadiria nini? Kwa yale waliyoamini yametokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa na uhakika mkubwa kuliko ule waliouandika wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975. Wanafunzi wale hawakuwa waongo. Jibu likishajulikana, akili hulipenyeza kwenye kumbukumbu za zamani, nawe unaapa kwamba lilikuwamo siku zote.

Kumbe sehemu kubwa ya majuto yangu ilikuwa hukumu: mtu wa jana amehukumiwa kwa maarifa ya leo, na hakimu ni mimi. Nilipolielewa hilo kifua kilishuka. Nilikaa sakafuni na lile daftari mapajani, nikamwonea huruma yule mwandishi wa “nadhani huyu ndiye”. Hakuwa mwoga. Alikuwa na furaha, basi.

Lakini nisijiachie huru upesi hivyo, maana kwenye madaftari yale kuna kitu kingine. Kuanzia katikati hivi, kuna siku nyingi zenye maneno mawili tu: “Nimechoka tu.” Hakuna maelezo. Mimi ambaye naweza kuandika ukurasa mzima kuhusu kiatu kinachobana, nimeandika maneno mawili na kufunga daftari. Nikalinganisha na kurasa za jirani nikaona kwamba mara nyingi ni siku ambazo tulikuwa tumeonana. Halafu nikageuza karatasi. Kwa nyuma herufi zimetokeza, unaweza kuzisoma kwa ncha ya kidole. Kalamu ilikandamizwa mpaka ikakaribia kutoboa.

Hilo ndilo onyo. Halikuja kwa maneno ndiyo maana sikulipata nilipolitafuta kwenye maneno.

Nilimpigia dada yangu simu usiku ule. Nilimweleza kuhusu zile kurasa za uchovu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mdogo wangu, mimi nilikuuliza umechoka na nini. Ukanijibu kazi.”

“Ulinilazimisha sasa?”

“Nikulazimishe vipi? Ulikuwa ukitabasamu.”

Tabasamu hilo nalifahamu. Nimelifanyia mazoezi tangu utotoni, nina hakika hata meno yangu yanalijua. Katika ukoo wetu anayesifiwa ni yule asiyejulikana anawaza nini: mtulivu, mwenye kifua, wa kutunza mambo. Sifa nzuri hizo, na ndizo zilizonifundisha kumeza. Nilidhani kumeza kunamaliza. Mwaka 1993 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walichapisha jaribio ambalo watu walitazama filamu za kutia kinyaa, na baadhi yao wakaagizwa wasionyeshe chochote. Nyuso zilitulia kweli. Kinyaa chenyewe hakikupungua, na vipimo vya miili yao, jasho la ngozi kwa mfano, vilionyesha kwamba ndani hakujatulia. Majaribio ya baadaye ya Gross na wenzake yalionyesha jambo lililonigusa zaidi: anayeshughulika kuzuia hisia zake hukumbuka vibaya zaidi yale yaliyosemwa mbele yake. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka maongezi yetu ya miezi ya mwisho. Nakumbuka ukuta wa nyuma yake. Nakumbuka nikikaza taya. Alichokuwa akisema, sikumbuki.

Kwa hiyo nilipokuwa najilaumu kwamba sikuyasikiliza machale, nilikuwa nadai kitu kisichowezekana. Nilikuwa nimeziba mlango, kisha namlaumu mgeni kwamba hakubisha. Ukizoea kuzima hasira na huzuni, huzimi hizo peke yake. Na habari ambazo mwili ungekuletea nazo unazizima.

Maana machale hayatoki mbinguni, kwa maoni yangu. Wapo wanaoamini hivyo na sibishani nao. Ninachojua ni kwamba mwili hujifunza mambo kabla mdomo haujapata maneno yake. Mwaka 1997 watafiti wa ubongo Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao walichapisha jaribio la karata: mafungu manne, mawili yana zawadi nono lakini hasara zake ni kubwa zaidi, mawili yana zawadi ndogo na faida mwishowe. Wachezaji hawakuambiwa lipi ni lipi. Viganja vyao vilianza kutoa jasho kila walipotaka kugusa fungu baya, kabla hawajaweza kueleza kwamba ni baya. Wapo wataalamu waliohoji tafsiri hiyo, wakisema wachezaji walijua zaidi ya walivyodhaniwa. Kwangu picha ya kiganja kinacholowa mbele ya karata inatosha. Kilinikumbusha kalamu yangu.

Hapa ndipo huwa natofautiana na wanaosema “fuata moyo wako” kisha wanaondoka. Moyo upi? Wangu una sauti kadhaa, na yenye kelele kuliko zote ni hofu. Hofu nayo hujiita machale. Niliwahi kukataa nafasi nzuri ya masomo kwa sababu “moyo ulikataa”, kumbe ni tumbo la mtu anayeogopa wageni. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa na misimamo tofauti kabisa kuhusu jambo hili, waliandika pamoja mwaka 2009 na kukubaliana kwamba hisia ya haraka inaaminika pale penye mambo mawili: mazingira yenye utaratibu unaojirudia, na mtu aliyepata muda wa kutosha kujifunza utaratibu huo huku akiona matokeo ya makisio yake. Zimamoto mzoefu anaweza kuhisi nyumba itaporomoka. Anayekisia bei za hisa kwa kuhisi tu, shauri yake.

Nikajiuliza mimi nina uzoefu gani, na wa nini. Uchumba nilikuwa nao mmoja, hivyo utaalamu wa kuchagua mwenzi sina. Lakini mwili wangu nimeishi nao maisha yangu yote. Siwezi kuhisi kama mtu fulani ataniumiza miaka mitano ijayo, ila naweza kuhisi, na hapo sikosei sana, kwamba kuna neno nimelimeza sasa hivi. Koo hubana upande wa kushoto. Mabega hupanda. Naanza kucheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Ninayaamini machale kwa kiasi hicho: siyaombi yanitabirie, nayaomba yaniambie nimekaa juu ya nini.

Hofu, kwa upande wake, nimeanza kuitambua kwa wingi wa maneno. Hofu ina hoja, ina mifano, inatangulia kukuonyesha watu watakavyokucheka. Koo langu halina hoja. Linabana tu.

Basi nikaamua kuandika yale ambayo yalistahili kuwa kwenye zile kurasa za “nimechoka tu”. Njia ni ya mwanasaikolojia James Pennebaker, ambaye mwaka 1986 pamoja na Sandra Beall alichapisha jaribio la wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda mara chache zaidi kwenye kituo cha afya cha chuo katika miezi iliyofuata. Kuna jambo ambalo wanaoisifia njia hii husahau kulisema: mara tu baada ya kuandika, wanafunzi hao walijisikia vibaya zaidi, si afadhali. Pennebaker mwenyewe hushauri kwamba ukihisi jambo fulani litakuzidi nguvu, uliache, uandike jingine. Ushauri huo nao ni kusikiliza mwili. Na yakikuzidi kabisa, mtafute mshauri nasaha. Daftari lina mipaka yake.

Siku ya kwanza niliandika hasira, na ilikuwa hasira ya kitoto, ya nani alimkata nani kauli mbele ya watu. Siku iliyofuata nikashangaa: hapakuwa na hasira, palikuwa na aibu. Niliona aibu kwamba nilitaka kupendwa kiasi kile. Nililia kwa namna isiyopendeza, kamasi na kila kitu, na nikaenda kulala kichwa kikigonga. Sitaki kudanganya kwamba niliamka mwepesi. Niliamka na macho yamevimba. Wepesi ulikuja baadaye, kwa siri. Niligundua nimepika, nimekula na kuosha vyombo bila kuijadili kesi ile kichwani hata mara moja.

Majuto hayajaisha yote. Yale ya “nilijua” yameondoka, kwa sababu sikujua. Yamebaki ya mambo niliyotaka kusema nikayaacha. Wanasaikolojia Thomas Gilovich na Victoria Medvec waliandika mwaka 1995 kwamba kwa muda mfupi watu huumizwa zaidi na walichokifanya, lakini wakiyatazama maisha yao kwa jumla, kinachowauma zaidi ni kile ambacho hawakukifanya. Naona ni kweli. Nikamwandikia barua aliyekuwa mchumba wangu, barua ndefu, ya heshima, yenye yote. Nilipofikia kuituma nikasikiliza. Koo halikubana kwa hofu ya kutuma. Lilikuwa limeshalegea tangu nilipoweka nukta ya mwisho. Aliyehitaji kuyasikia maneno yale alikuwa mimi. Yeye ana maisha yake. Sikuituma.

Dada yangu ndiye niliyemsomea. Nilimsomea ile barua yote kwenye simu, naye akasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo kwake ni muujiza. Nilipomaliza akaniuliza swali moja: “Na mimi kuna nililokukosea ambalo umelimeza?” Lilikuwapo. Nikamwambia. Tulizozana vizuri tu, kisha tukacheka, kisha tukazozana tena. Bado hatujakubaliana kuhusu hilo jambo, na tunaongea zaidi kuliko zamani.

Sasa nina utaratibu mpya kwenye shajara. Nikiwa na uamuzi mbele yangu naandika ninachohisi na tarehe, kabla matokeo hayajajulikana, pamoja na kadirio langu kwa asilimia. Sitaki tena kujigeuza nabii baada ya mambo kutokea, na pia sitaki kujinyima sifa pale ambapo mwili wangu uliona sawasawa. La sasa ni hili: mtu ninayemheshimu ameniomba tuanzishe kazi pamoja. Nimeandika: “Yeye namwamini. Akizungumzia mgawanyo wa fedha, koo linabana. Asilimia 70 tutagombana kuhusu fedha tusipoandikiana.” Jana nimemwambia hivyo hivyo, kwa maneno yayo hayo, kasoro asilimia. Hakufurahi. Amesema atanijibu Jumatatu.